Filamu za watu walioenda ng'ambo: ni ipi imetuonyesha sisi tuliobaki na simu mkononi?

Kitindamimba (mleta uzi)

Wanajukwaa, hamjambo. Mnivumilie, nina maneno mengi. Nitasimulia filamu hadi mwisho wake, kwa hiyo asiyependa kujua mwisho kabla ya kutazama, aupite uzi huu.

Jumamosi mvua ilinifungia nyumbani Umoja, nikatazama La Noire de... ya Ousmane Sembène wa Senegal, ya mwaka 1966. Ni ya rangi nyeusi na nyeupe, saa moja hivi. Nilikuwa nimesikia ikitajwa miaka mingi kuwa miongoni mwa filamu ndefu za kwanza kutengenezwa na Mwafrika wa kusini mwa Sahara, nikaichukulia kama picha ya babu ukutani, kitu cha kuheshimiwa kisha unapita. Nilipoimaliza sikuweza hata kupika.

Kisa chenyewe si kirefu. Diouana ni msichana wa Dakar. Anakaa na wanawake wenzake kando ya barabara wakingoja kuchukuliwa kazi, kama mama fua wanavyokaa asubuhi pale Eastleigh. Mama mmoja Mfaransa anapofika, wenzake wote wanamkimbilia. Yeye anabaki ameketi. Mama yule anamchagua kwa sababu hiyo hiyo, kwamba hajajisukuma mbele. Dakar kazi ni kulea watoto, na haina shida. Baadaye wanamwita awafuate Antibes, kusini mwa Ufaransa, na Diouana anafurahi hadi anacheza. Anafika akiwa amevaa gauni zuri na viatu vya visigino. Watoto hawapo. Anapewa aproni. Ni kupika, kufua, kupiga deki, kisha kupika tena. Ufaransa anaiona dirishani.

Wengi hukumbuka mwisho, anapojiua bafuni. Mimi nimeshikwa na sehemu ya barua. Barua inatoka kwa mama yake, Diouana hajui kusoma, kwa hiyo bwana mwenye nyumba ndiye anayemsomea. Mama analalamika: mbona huandiki, mbona umetusahau, tutumie pesa. Bwana anachukua kalamu na kuanza kumjibia, anamtungia maneno: mimi sijambo, natunzwa vizuri. Diouana anaitazama ile karatasi, anaichukua barua na kuichana vipande vipande.

Sasa sikilizeni kwa nini hilo limeninyima usingizi. Dadangu, kifungua mimba wetu, alifanya kazi ya nyumbani Riyadh kuanzia 2015 hadi 2018. Ajenti alimwambia riyali 900 kwa mwezi, familia ya watu 4. Alikuta watu 11 na ghorofa 3. Mama yetu yuko Mwala, na kuandika ujumbe kwenye simu hakuwezi. Alikuwa akinipigia, anasema kwa Kikamba, nami naandika kwa Kiswahili na kumtumia dada. Mabati. Karo. Mama ana mguu. Mbona umenyamaza. Miaka 3 mimi ndiye niliyekuwa kalamu ya nyumbani. Na katika filamu ile yupo mwalimu wa mtaani anayewaandikia watu barua. Anayeigiza nafasi yake ni Sembène mwenyewe, na kiko chake mdomoni. Nilipomwona nikajiona mimi.

Dada amerudi, mzima wa mwili, na hatujawahi kuzungumza juu ya jumbe zile.

Swali langu ni hili. Filamu za wahamiaji ziko tele. Mashua, jangwa, polisi wa mpaka, vibali. Ni zipi zinazomwonyesha yule aliyebaki, anayeomba pesa na kungoja? Nisaidieni, nataka kuzitazama zote.

Mama_Wawili

Pole sana dada. Pole kwako na kwa dada yako pia.

Tazama Atlantique ya Mati Diop, ya 2019. Ilipata Grand Prix pale kwenye tamasha la filamu la Cannes, na yeye ndiye mwanamke wa kwanza mweusi kuwa na filamu yake katika shindano kuu la huko. Ni Dakar tena, ila safari hii kamera haipandi mashua hata mara moja. Vijana wa mjengo wamefanya kazi miezi bila kulipwa kwenye jumba refu la tajiri, usiku mmoja wanaondoka kwa mtumbwi kuelekea Uhispania. Tunabaki na Ada, msichana aliyempenda mmoja wao na huku anaozwa kwa mwanamume mwingine mwenye pesa. Wasichana wanafika baa ya ufukweni na kukuta wavulana hawapo. Hivyo tu. Hakuna kuagana.

Baadaye maiti wanarudi kupitia miili ya wale wasichana na kwenda kumdai tajiri mishahara yao. Anawalipa, kisha wanamwamuru awachimbie makaburi, kwa sababu bahari haina kaburi. Niliitazama nikiwa na donge kooni. Nina binamu aliyepitia Libya mwaka 2016 na mpaka leo shangazi hajaandaa matanga, kwa sababu hajui kama ni mazishi au ni kungoja.

Ukweli_Mchungu

Samahani kwa kuja na maneno tofauti. Ninawaheshimu Sembène na Mati Diop, lakini mimi nimechoka. Kila filamu ya Mwafrika kuenda ng'ambo ni lazima afe bafuni au azame. Mama yangu mdogo ni nesi Minnesota mwaka wa 19 huu. Amenunua nyumba, amesomesha watoto 5 ambao si wake, na kanisani kwao anaongoza kwaya ya Kiswahili. Nani ametengeneza filamu yake? Pesa zinazotumwa Kenya na walio nje zilipita dola bilioni 4 mwaka 2023. Watu waliokufa hawatumi pesa. Ninaomba tuwe waangalifu tusimfanye kila mhamiaji kuwa maiti.

Kitindamimba (mleta uzi)

@Ukweli_Mchungu nimekusoma mara mbili, na ninakubali nusu. Ni kweli mama yako mdogo anastahili filamu yake. Ila nitakuuliza kwa upole: je, unajua miaka yake 3 ya kwanza ilikuwaje? Dadangu naye alijenga nyumba. Ipo Mwala, ina mabati ya rangi ya maruni na tangi la maji. Mtu akiipiga picha ataona mafanikio, na hatakuwa amesema uongo. Sembène hakuja kutuambia tusisafiri. Alikuja kutuonyesha jinsi mtu anavyonyang'anywa sauti yake ndani ya nyumba safi yenye chakula.

Mwalimu_Mstaafu

Binti yangu Kitindamimba, umegusa jambo kubwa. Niongeze kidogo kuhusu Sembène, kwa kuwa nilimfundisha darasani kwa miaka mingi kupitia vitabu vyake kabla sijapata nafasi ya kuona filamu zake.

Mtu huyu alikuwa mhamiaji kabla ya kuwa mwandishi. Alikuwa kuli bandarini Marseille, akabeba magunia, akaingia chama cha wafanyakazi. Kisa cha Diouana alikitoa kwenye habari fupi ya gazeti la huko kusini mwa Ufaransa, mwaka 1958, kuhusu msichana mweusi aliyejiua nyumbani kwa waajiri wake. Habari ya mistari michache. Akaiandika kwanza kama hadithi fupi katika mkusanyiko wake wa 1962, ndipo akaifanya filamu. Tazama alivyofanya: gazeti lilimpa msichana yule mistari michache, yeye akampa fikra. Katika filamu Diouana hasemi sana mdomoni, ila tunasikia mawazo yake tangu mwanzo hadi mwisho. Waajiri wake hawayasikii. Sisi tunayasikia.

Usisahau pia kinachofuata kifo. Bwana yule anarudi Dakar kumpelekea mama sanduku la Diouana na mshahara wake. Mama anazikataa zile pesa. Haongezi neno. Ndugu yake mdogo anavaa kinyago na kumfuata bwana nyuma nyuma hadi anakimbilia gari lake. Umeuliza ni filamu ipi inamwonyesha aliyebaki. Ni hiyo hiyo uliyoitazama.

Kitindamimba (mleta uzi)

Mwalimu, shikamoo. Nimekaa na jibu lako muda mrefu. Ni kweli, mama anazikataa. Nilikuwa nimelia sana hata sikuiona vizuri sehemu hiyo. Nitarudia.

Wa_Ngara

Nimeona watu wote wanazungumza kuhusu kuondoka Afrika kana kwamba Afrika ni ya kuondoka tu. Mimi ni Mkenya wa asili ya Kihindi. Babu wa babu yangu alikuja kwa ajili ya reli, ile iliyojengwa kati ya 1896 na 1901 kutoka Mombasa hadi ziwani. Waliletwa vibarua karibu 32,000 kutoka Bara Hindi, takriban 2,500 walikufa kazini, na wengi wa waliobaki hai walirudi kwao. Wetu alibaki. Nairobi yenyewe ilikuwa kituo cha reli kabla ya kuwa mji, kwa hiyo mnaposema mhamiaji, mimi husikia jina la mji huu.

Filamu yangu ni Mississippi Masala ya Mira Nair, 1991. Wengi huitazama kwa sababu ya Denzel Washington na mapenzi yake na Mina, yule binti wa Kihindi. Kwetu nyumbani haikuwa hivyo. Baba aliweka kanda, na babu akatazama dakika 15 za mwanzo, akatoka nje akakaa kwenye ngazi.

Mwanzo ni Kampala, 1972. Idi Amin amewapa Waasia siku 90. Jay ni wakili, amezaliwa Uganda, na rafiki yake wa tangu utotoni, Okelo, ndiye anayemwambia kwamba Afrika ni ya Waafrika, Waafrika weusi. Okelo hamchukii. Anataka aondoke akiwa hai. Jay anaondoka bila hata kumuaga vizuri, na kwa miaka yote katika moteli za Mississippi anaandika barua kwa serikali ya Uganda kudai nyumba yake. Hapo ndipo ninapoungana na mleta uzi: barua tena! Mhamiaji huyu naye hana mtu wa kuandikia isipokuwa ofisi.

Kwetu haikuwa Amin. Ilikuwa taratibu zaidi. Baada ya sheria ya uhamiaji ya 1967 na ile ya leseni za biashara, wengi ambao hawakuwa wamechukua uraia walifungasha. Uingereza nayo ikapitisha sheria yake haraka haraka mwanzoni mwa 1968 kuwazuia watu wenye pasipoti zake yenyewe. Babu aliwasindikiza ndugu zake 3 uwanja wa Embakasi mwezi Februari mwaka huo. Yeye alikuwa amechukua uraia wa Kenya, akabaki. Alikuwa akisema: mimi ndiye niliyebaki, kwa hiyo mimi ndiye niliyeulizwa kila kitu. Nani atafunga duka, nani atamwangalia bibi, nani atalipa deni. Mwaka 2017 serikali ilipotutangaza kuwa kabila la 44, alikuwa ameshaaga dunia.

Section_Three

@Wa_Ngara asante. Sikuwa nimejua habari za Embakasi. Mimi ninaishi Eastleigh na tunajiona kama sisi peke yetu ndio tunaoulizwa "kwenu ni wapi" katika mji huu.

Mtoto_wa_Kakuma

Habari zenu. Nimezaliwa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, sasa ninakaa Kasarani. Wazazi wangu walitoka Sudan, kabla ya kuwa nchi mbili. Kambi ilianza 1992, na wao walikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo.

Filamu ambayo kila mtu hutuuliza ni The Good Lie, 2014, ile ya Reese Witherspoon, kuhusu watoto wa vita wa Sudan waliohamishiwa Marekani. Nitasema kizuri kwanza. Waigizaji wa Kisudani walichaguliwa kwa uangalifu. Emmanuel Jal na Ger Duany waliwahi kushikishwa bunduki utotoni, hawaigizi tu. Jal anajulikana hapa Nairobi tangu siku za muziki wake. Kambi tunayoiona ilipigwa Afrika Kusini, na mtu wa Kakuma anatambua mara moja: vumbi si lile. Vumbi letu lina upepo wake wa mchana, unafunga macho.

Ila kuna jambo ambalo filamu ililijua. Majina. Walioteuliwa kuenda Marekani walikuwa wakibandikwa ubaoni. Mtu alikuwa anatembea hadi ubaoni asubuhi, anatafuta jina lake kwa kidole, halipo, anarudi. Kesho tena. Baba yangu alifanya hivyo kutoka 2000 hadi 2001. Kisha ikaja Septemba 11 na safari zikasimama. Takriban vijana 3,800 walichukuliwa Marekani katika mpango ule. Wasichana walikuwa wachache mno, kwa sababu wengi walipofika kambini walikuwa wamegawiwa familia za kuwalea, kwa hiyo kwenye karatasi hawakuhesabiwa kuwa watoto wasio na wazazi. Shangazi yangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa na miaka 14, anachota maji kwa ajili ya watu 9, na karatasi ilisema ana familia.

Sasa mwisho wa filamu, wale msioijua. Mamere amekaa Marekani, anasikia kwamba kaka yake Theo, aliyejitoa kwa askari ili wenzake waponyoke, huenda yu hai. Anarudi Kenya, anampata Kakuma, anazunguka balozi. Hati ya safari haipatikani. Kwa hiyo Mamere anampa Theo hati zake, Theo anapanda ndege kwa jina la Mamere, na Mamere anabaki kambini.

Wazungu hulia hapo kwa uzuri wa upendo wake. Mimi nililia kwa sababu filamu inaishia karibu na hapo. Kamera inamfuata Theo hadi uwanja wa ndege Marekani ambapo ndugu wanamkumbatia. Mamere tunaachana naye mapema mno. Ninataka kujua, jioni ile alikula nini? Alilala nyumba ya nani? Kesho yake alienda kusimama foleni ya chakula na kadi gani, wakati jina lake limeondoka na ndege? Hiyo ndiyo filamu ninayoingoja, kwa sababu baba yangu ndiye Mamere asiyewahi hata kupanda ndege mara ya kwanza.

Kitindamimba (mleta uzi)

Nimesoma hili kwenye matatu nikapitisha steji yangu.

Section_Three

Ndugu yangu wa Kakuma, jina lake limeondoka na ndege. Hilo neno linanitosha leo.

Wewe pengine ungeitazama His House, 2020. Ni filamu ya kutisha, na mimi si mtu wa filamu za mizimwi, lakini ni ya mume na mke kutoka Sudan Kusini waliopewa nyumba Uingereza. Wanaambiwa wasihame humo na wasifanye kazi, wangoje. Ndani ya kuta kuna kitu. Unadhani ni jini la nyumba, kumbe wamekuja nalo. Walipokuwa wakitoroka, mume alimnyakua mtoto wa mtu mwingine ili wapate nafasi kwenye basi la wenye watoto, na mtoto yule akazama baharini. Mizimu inadai deni lake. Niliipenda kwa sababu haimfanyi mkimbizi kuwa malaika. Mama yangu alitoka Kismayo mwaka 1991 na kuna sehemu moja ya safari ile ambayo akiifikia huamka kwenda kuosha vyombo hata kama ni safi.

Zamu_ya_Usiku

Nawasoma nikiwa Doha, niko kazini, mlinzi wa jengo. Saa 9 usiku hapa, kwenu pia, maana saa zetu ni zile zile.

Nitasema ukweli wangu. Chumbani tuko 6, Wakenya 3, Waganda 2 na Mnepali mmoja. Hakuna anayetazama filamu za wahamiaji. Tunatazama mpira, na mmoja wetu amejaza simu yake filamu za vita zilizotafsiriwa na DJ Afro, anatuwekea Ijumaa tukifua. Tukisikia Kiswahili cha mtaani juu ya sinema ya Wachina, chumba kinakuwa Githurai kwa saa mbili. Ninamshukuru sana mtu yule na hajui.

Filamu moja tu ya aina hii niliitazama hadi mwisho, na nimeirudia mara 3. Minari, 2020. Wakorea, shamba, Arkansas. Baba anang'ang'ania kulima mboga za kwao auzie Wakorea wenzake wa mjini, maji yanakauka, mke amechoka, ghala linateketea. Bibi aliyeletwa kutoka Korea anapanda majani fulani kando ya kijito, yanamea yenyewe. Youn Yuh-jung alipewa Oscar kwa nafasi ile ya bibi. Mimi ni mtoto wa shamba, kwetu ni Kinangop, na nilichokipenda ni kwamba hakuna mtu anayemwonea huruma baba yule. Anahesabiwa kama mkulima, na mkulima hushindwa kwa sababu ya maji na soko kama mkulima yeyote.

Kuhusu wanaobaki na simu. Dada, nikuambie kutoka upande huu. Ujumbe wa kuomba pesa hauumizi kama unavyofikiri. Unaoumiza ni ule usioomba kitu. Mama akiandika "tuko salama usijali" mimi silali, najua kuna ugonjwa wanaficha.

Kitindamimba (mleta uzi)

@Zamu_ya_Usiku kaka, sina neno. Asante kwa kuacha zamu yako kunijibu. Mwenyezi Mungu akulinde unapolinda.

Ukweli_Mchungu

Nimerudi. Jana nilimpigia mama mdogo Minnesota, nikamuuliza kuhusu miaka ile ya kwanza. Tumezungumza saa moja na nusu. Hajawahi kuniambia hata robo yake. Alilala kwenye gari mwezi wa Januari. Sisi mwaka ule tulimwandikia kwamba jirani ameletewa televisheni na ndugu yake wa majuu.

Bado ninataka filamu yake iwe na ile kwaya. Lakini gari nalo litiwe.

Kuhusu swali la uzi, mama mdogo amenitajia The Namesake, ya Mira Nair tena, 2006. Anasema simu inayolia usiku kuleta habari ya kifo kutoka nyumbani, na mtu yuko ng'ambo amesimama sebuleni na nguo za kulalia, hakuna mwingine aliyeonyesha hivyo. Yeye alipokea ya bibi yetu hivyo hivyo. Alikuwa hana karatasi, hakuja kuzika.

Nganya_ya_Asubuhi

Je, Nairobi Half Life inahesabika? Mwas anatoka kijijini kuja Nairobi, anaibiwa kila kitu siku ya kwanza, anaishia seli akiosha choo. Filamu ya David Tosh Gitonga, 2012, ndiyo ya kwanza Kenya kuipeleka kushindania Oscar. Kwangu mimi, niliyetoka Busia na begi moja mwaka 2009, ng'ambo yangu ilikuwa Machakos Country Bus, kile kituo cha mabasi hapa Nairobi.

Mwalimu_Mstaafu

Inahesabika. Mwas naye ameondoka nyumbani. Jiji halina haja ya bahari ili limgeuze mtu kuwa mgeni.

Na wewe Wa_Ngara, umenikumbusha ukumbi wa Shan hapo kwenu Ngara. Tulikuwa tukienda kutazama filamu za Kihindi bila kujua neno moja, mama za Kiafrika na za Kihindi wakilia kwa pamoja kwa ajili ya mtoto aliyepotea. Siku hizi ni Sarakasi Dome. Kila nikipita hapo ndani ya matatu natazama.

Mama_Wawili

Nauliza jambo la kazi. Mama zetu watazitazamaje hizi? Manukuu yanakimbia, tena ni ya Kiingereza. Shangazi yangu hasomi Kiingereza cha kasi hiyo. Filamu za kupigana zimepata mtafsiri wa kuzisimulia, hizi za Dakar hazina. Yaani tumewatengenezea Wafaransa na walimu peke yao?

Kitindamimba (mleta uzi)

Mama_Wawili, swali lako ndilo lililonipeleka Mwala wikendi hii. Nilibeba laptopu na spika ndogo. Naomba niwasimulie kisha nitanyamaza.

Niliamua kumsomea mama mwenyewe. Picha inakwenda, mimi ninasema kwa Kikamba kile kinachosemwa kwa Kifaransa, na nikichelewa nasimamisha. Mama alikaa kwenye kiti chake, mguu juu ya stuli. Dada alikuwa jikoni. Hatukumwita, naye hakuuliza.

Mama alimwelewa Diouana kabla sijafungua mdomo. Alipoona wale wanawake wamekaa barabarani alisema, "Hao wanangoja kazi." Alipoona aproni alisema, "Haya." Kuanzia hapo hakusema kitu.

Tulipofika kwenye barua sauti yangu ilikatika. Nilikuwa ninasoma maneno ya mama wa Diouana kwa Kikamba, mbele ya mama yangu, na yalikuwa maneno yale yale. Mbona umenyamaza. Tutumie kitu. Mama akatazama sakafu. Nikasikia maji ya jikoni yamefungwa. Dada akaja akasimama mlangoni na kitambaa mkononi. Bwana yule akachukua kalamu, akaanza kumwandikia Diouana jibu lake.

Dada akasema, "Simamisha hapo."

Nikasimamisha. Akaenda chumbani akarudi na simu yake ya zamani, ile iliyopasuka kioo, aliyorudi nayo kutoka Riyadh. Sikujua kwamba bado anaichaji. Akatafuta kwa muda mrefu. Akanipa. Ulikuwa ujumbe wa Agosti 2016: "Dada, mama anasema mguu umezidi, tafadhali kama kuna chochote kidogo tu tafadhali tutumie, tunajua unajitahidi."

Akaniuliza, "Hii uliandika wewe au mama?"

Nikasema mama alisema kuhusu mguu, mengine niliandika mimi.

"Nilijua," akasema. "Mama hajawahi kuniambia tafadhali tangu nizaliwe. Nilikuwa nikizisoma naitafuta sehemu yako. Hapo ndipo nilijua kuna mtu ananiona."

Mama akauliza tunasema nini, kwa maana tulikuwa tumehamia Kiswahili. Dada akamweleza kwa Kikamba, polepole, na kwa mara ya kwanza akamwambia pia kuhusu ghorofa 3 na watu 11. Chai ilipoa. Filamu ilibaki imesimama pale pale, kalamu ya bwana yule juu ya karatasi. Kulipoanza kuingia giza mama akavuta stuli yake kando, dada akapata nafasi ya kukaa, akasema, "Haya, washa. Tuone kama ataichana."